Pasipoti ya Kwanza ya Mtoto Ambaye Wazazi Wake Hawaishi Pamoja: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Dodoma

Mama mmoja, muuguzi katika kituo cha afya cha serikali jijini Dodoma, alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mjini Kigali kwa miaka miwili. Mwajiri wake alikwisha kumpa ruhusa ya masomo, ada ilikuwa imelipiwa na mfadhili, na yeye mwenyewe alikuwa na pasipoti aliyoiomba miaka michache nyuma. Kilichobaki ni binti yake wa miaka sita, mwanafunzi wa darasa la kwanza, ambaye hakuwa na hati yoyote ya safari na ambaye mama huyo hakuwa tayari kumwacha kwa bibi yake Mpwapwa kwa muda wote huo. Wazazi wa mtoto hawakuwahi kufunga ndoa. Waliishi pamoja Nkuhungu, wakaachana mtoto akiwa bado ananyonya, na baba, ambaye kwao ni Kondoa, akahamia Kahama kwenye shughuli za madini. Fedha za matumizi alikuwa akituma, si kila mwezi, lakini hakuwa baba aliyetoweka.

Kisa hiki kilinifikia katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria, kazi ambayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaitambua, na ninakiandika kwa idhini ya wazazi wote wawili, nikiacha majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha. Nimeona kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wanaouliza habari za pasipoti ya mtoto huuliza juu ya fomu, ada na foleni. Katika kisa hiki fomu ilijazwa jioni moja. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye karatasi za wazazi, na ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo maombi mengi ya watoto hukwama, kabla hata mtoto hajafikishwa mbele ya afisa.

Swali la kwanza liliulizwa na bibi wa mtoto, naye alikuwa na sababu ya kuliuliza: kwa nini mtoto mdogo namna hii asiandikwe tu ndani ya pasipoti ya mama yake, kama ilivyokuwa ikifanyika zamani? Jibu ni kwamba utaratibu huo umekwisha. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka kila mtu awe na pasipoti yake, hata awe mtoto wa siku chache, na pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, inabeba kumbukumbu za mtu mmoja tu. Ndugu mwingine alipendekeza waombe hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi na hutolewa haraka. Hati hiyo ina kazi yake, hasa kwa mtu anayevuka mpaka kwenda nchi jirani kwa msiba, matibabu au biashara fupi. Kwa mtoto anayekwenda kuishi na kusoma shule katika nchi nyingine kwa miaka miwili haifai, kwa kuwa muda wake ni mfupi na vibali vya ukaazi vinahitaji pasipoti kamili. Kwa hiyo pasipoti ilikuwa ya lazima.

Nianze na jambo linaloongoza mengine yote. Mtu mzima anayeomba pasipoti huja na Kitambulisho cha Taifa au namba yake, ile yenye tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa, na namba hiyo peke yake inamweleza afisa mambo mengi. Mtoto kwa kawaida hana namba hiyo, kwa kuwa kitambulisho hutolewa kwa waliotimiza miaka 18. Kinachomtambulisha ni cheti chake cha kuzaliwa, na cheti hicho hakitoshi peke yake. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husajili kila kizazi kinachotokea Tanzania Bara bila kujali uraia wa wazazi, hivyo cheti kinathibitisha mahali na siku aliyozaliwa mtoto na waliomzaa, lakini hakithibitishi kuwa yeye ni raia. Uraia wake unapatikana kwa kupanda ngazi moja juu, kwa mzazi. Ndiyo maana pamoja na cheti cha mtoto huhitajika cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmojawapo, au kiapo cha kuzaliwa pale ambapo cheti hakipo. Afisa anayesoma maombi anafuata mnyororo: mtoto huyu ametajwa kuwa wa mama huyu, mama huyu ndiye huyo mwenye cheti hiki na kitambulisho hiki, na kwa hiyo mtoto ni Mtanzania. Pete moja ikilegea, maombi yote yanasimama.

Katika kisa chetu iliyolegea ilikuwa pete ya kati. Cheti cha kuzaliwa cha mama, kitambulisho chake, vyeti vyake vya shule na vya uuguzi, vyote vilikuwa na majina yake matatu kwa utaratibu tuliouzoea: jina lake, la baba yake, la babu yake. Cheti cha mtoto kilimtaja mama kwa jina lake la kwanza likifuatiwa na jina la ukoo la baba wa mtoto. Kwa macho ya afisa asiyemjua, hao ni wanawake wawili. Mwanamke mwenye pasipoti na barua ya chuo hakuonekana popote kwenye cheti cha mtoto, na mwanamke aliyetajwa kwenye cheti hakuwa na karatasi nyingine yoyote duniani.

Tulirudi nyuma kutafuta jina hilo lilikotoka, na njia yake ni ya kawaida kabisa. Mama alipoanza kliniki ya wajawazito, mhudumu alimuuliza jina, naye akataja jina lake la kwanza. Alipoulizwa jina la mume, akataja la mwenzake, na kwenye kadi ya kliniki majina hayo mawili yakaunganishwa, kama ambavyo wanawake wengi huitwa mtaani kwa jina la mume hata kabla ya ndoa. Alipojifungua, tangazo la kizazi liliandikwa kwa kufuata kadi. Baadaye mtoto alipata cheti kupitia mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao unatoa vyeti bila malipo kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, na cheti kikaandikwa kwa kufuata tangazo. Kila aliyeandika alinakili kwa uaminifu kile alichokikuta. Mama alikipokea, akaangalia jina la mtoto na tarehe, akaona viko sawa, akakihifadhi. Mzazi gani, mtoto mchanga akiwa mgongoni, husoma mstari unaomhusu yeye mwenyewe?

Ninausifu mpango huo wa usajili, tena kwa moyo wote. Kabla yake familia nyingi za vijijini hapa Mkoa wa Dodoma, kuanzia Chemba hadi Mpwapwa, zilikuwa zinasafiri hadi makao makuu ya wilaya kufuata cheti, na wengi waliacha. Lakini urahisi wa kupata cheti umeleta wajibu wa kukisoma papo hapo, kwa sababu kosa linalorekebishwa kwa kalamu mpya siku ile ile huwa jambo la viapo na barua miaka sita baadaye.

Njia mbili zilikuwa mbele yetu. Ya kwanza, ambayo karibu kila mtu aliishauri, ni kuapa kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kisha kukiambatanisha na maombi. Kiapo hupatikana siku moja kwa wakili yeyote, na kwa tofauti ndogo, kwa mfano Mohamed na Muhamed, au jina la babu lililoachwa, mara nyingi kinatosha. Ya pili ni kuomba cheti chenyewe kirekebishwe. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inaruhusu kosa lililomo kwenye rejista kusahihishwa kwa ushahidi, na maombi hupitia kwa msajili wa wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kabla ya kufika kwa Msajili Mkuu.

Mimi nilishauri njia ya pili, na mama alinung'unika kidogo kwa sababu muhula wa masomo ulikuwa unakaribia. Hoja yangu ilikuwa hii. Kiapo kinaeleza kosa, hakiliondoi. Mtoto huyu atakitumia cheti hicho atakapoandikishwa sekondari, atakapoomba Kitambulisho cha Taifa akiwa na miaka 18, atakapoomba mkopo wa elimu ya juu, na kila mara atalazimika kubeba kiapo cha mama yake pembeni, akieleza habari za kadi ya kliniki ambayo yeye hakuiona. Zaidi ya hayo, tofauti yenyewe haikuwa ya herufi. Jina la ukoo la mtu mwingine lilikuwa limekaa mahali pa jina la baba mzazi wa mama, na hilo si jambo dogo katika maombi ambayo msingi wake ni kuthibitisha nani amezaliwa na nani. Kama safari ingekuwa ya wiki ijayo kwa ajili ya matibabu, ningesema bila kusita waende na kiapo na barua ya daktari, kisha cheti kirekebishwe baadaye. Hapa muda ulikuwepo, japo mchache.

Ushahidi uliokusanywa ulikuwa kadi ya kliniki, nakala ya kumbukumbu za wodi ya wazazi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama, kiapo chake, kiapo cha bibi aliyekuwepo wakati wa kujifungua, na barua ya Afisa Mtendaji wa Mtaa. Kumbukumbu za wodi ndizo zilizokuwa na uzito kuliko zote. Kule wodini, kwa bahati njema, mkunga alikuwa ameandika jina kamili la mama kama alivyojitaja, pamoja na uzito wa mtoto na saa ya kuzaliwa, na saa hiyo na uzito huo vililingana na vilivyomo kwenye kadi. Kwa hiyo ilionekana wazi kwamba mwanamke wa wodini na mwanamke wa kwenye kadi walimzaa mtoto mmoja. Anayefuatilia jambo kama hili asiridhike na karatasi alizonazo nyumbani. Aende hospitali alikojifungulia, awasalimie watu wa kumbukumbu, aeleze shida yake kwa utulivu, kwa sababu rejista za zamani huwepo na mara nyingi zinasema zaidi ya cheti.

Cheti kipya kilitoka. Sasa likaja suala la baba, ambalo ndilo lililonigusa zaidi katika kisa kizima.

Mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na maombi yake ya pasipoti huambatana na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi halali. Mama alikuwa mzazi, aliishi na mtoto, na ridhaa yake ilikuwa mkononi. Akauliza, na swali lake lilikuwa la haki: kuna haja gani ya kumtafuta mtu ambaye hajamwona mtoto kwa zaidi ya mwaka? Nilimjibu kwamba jina la baba limo kwenye cheti, kwamba afisa anayo haki ya kuuliza msimamo wake, na kwamba hata kama asingeuliza, swali hilo lingeweza kuulizwa tena mpakani au kwenye kaunta ya ndege, maana mtoto anayesafiri na mzazi mmoja huulizwa juu ya yule mwingine. Utaratibu huo upo kwa ajili ya kumlinda mtoto. Wapo watoto wanaotoroshwa na mzazi mmoja katikati ya ugomvi, na wapo wanaovushwa mipaka na watu wanaojiita shangazi au mjomba. Afisa anayeuliza maswali mengi juu ya mtoto anafanya kazi ambayo sote tunataka ifanywe.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo nilimweleza mama faraghani. Mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wote wawili na kulelewa nao, na sheria hiyo hiyo ya mwaka 2009 inalitaja hilo. Kumpeleka nje ya nchi kwa miaka miwili bila baba kujua kungekuwa kuamua jambo kubwa la maisha ya mtoto upande mmoja, hata kama kisheria angeweza kufanikiwa.

Baba alipopigiwa simu alikataa. Alikataa kwa maneno makali, kisha akazima simu. Mama alitaka twende mahakamani moja kwa moja, na njia hiyo ilikuwepo: mahakama inaweza kuombwa kutoa amri ya malezi ya mtoto, ikiongozwa na maslahi ya mtoto kuliko matakwa ya wazazi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini sheria hiyo pia inaipa mahakama uwezo wa kuweka sharti kwamba aliyepewa mtoto asimtoe nje ya nchi. Mama angeweza kushinda malezi na kushindwa safari. Tena shauri lingechukua muda, na baba ambaye bado hajasikilizwa na mtu yeyote angekuja mahakamani akiwa mpinzani kamili.

Tulianza na Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu anayesahaulika zaidi katika mambo ya namna hii. Afisa huyo alishauri tupitie kwa wakubwa wa upande wa baba. Kaka yake mkubwa, ambaye mtoto anamwita baba mkubwa, anaishi Kondoa mjini, na mama alikuwa hajawahi kugombana naye. Alikwenda na mama yake mzazi. Baada ya shikamoo, chai na habari za mvua, bibi ndiye aliyeanza: "Baba, hatukuja kudai. Tumekuja kueleza, ili msije mkasikia kwa watu kwamba mtoto wenu kavushwa mpaka." Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akaomba aone barua ya chuo, akaisoma, kisha akauliza jambo moja tu: mtoto akirudi atakuwa bado anajua kwao ni wapi?

Swali hilo ndilo lililofungua mlango, kwa sababu lilikuwa pia swali la mdogo wake. Baba alipokubali kuzungumza, wakati huu akiwa na kaka yake kwenye simu, ilibainika kwamba hakupinga masomo ya mama wala hakumtilia shaka kama mzazi. Aliogopa kwamba miaka miwili ingekuwa minne, kisha mtoto angeishi huko moja kwa moja, angesahau lugha na jina la ukoo, na yeye angebaki mtu wa kutuma fedha tu. Mimi naiona hofu hiyo kuwa halali. Mwanamume aliyeshindwa kuwa mume wa mtu hajapoteza kwa hilo haki ya kumhofia mwanawe, na nimeona mara nyingi maombi ya ridhaa yakipelekwa kwa baba kama amri: saini hapa, mtoto anasafiri. Mtu akiombwa hivyo hukataa hata jambo ambalo angelikubali.

Makubaliano yaliandikwa mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii. Yalitaja chuo, mji, muda wa masomo na tarehe inayotarajiwa ya kurudi. Yalitaja kwamba mtoto atazungumza na baba yake kwa simu mwishoni mwa kila juma, kwamba likizo ndefu moja kila mwaka ataipitisha Kondoa kwa baba mkubwa, ambako baba atakwenda kumwona, na kwamba mtoto hatahamishiwa nchi ya tatu bila wazazi wote wawili kukubaliana. Kisha baba akaandika barua ya ridhaa, akaisaini mbele ya wakili kule Kahama, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Barua yenyewe ilikuwa fupi, na nilisisitiza iwe hivyo. Ilitaja jina kamili la mtoto kama lilivyo kwenye cheti kipya, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, kwamba baba anaridhia mtoto kuombewa pasipoti na kusafiri na mama yake kwenda Rwanda kwa ajili ya masomo ya mama. Mambo ya likizo na simu yalibaki kwenye makubaliano, kwa kuwa si kazi ya afisa wa pasipoti kuyasimamia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Fomu ilijazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, mama akapata namba ya kumbukumbu ya malipo, akalipa kwa simu. Ada iliyotangazwa wakati wa uzinduzi wa mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000 kwa pasipoti ya kawaida, yaani 20,000 za fomu na 130,000 za pasipoti yenyewe. Hapa natoa angalizo moja: jina la mtoto lijazwe kwenye fomu herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti, hata kama shuleni anaitwa vingine, na anayejaza asifanye hivyo kwa kukumbuka, cheti kiwe mezani mbele yake. Ninafahamu pia kwamba wengi huwaachia vijana wa stesheneri wawajazie, na si vibaya, ila mzazi akae pembeni na asome kila mstari kabla fomu haijatumwa.

Bahasha iliyopelekwa ofisini ilikuwa na fomu iliyochapishwa, picha ya mtoto, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichorekebishwa, cheti cha kuzaliwa cha mama na kitambulisho chake, ridhaa ya mama, ridhaa ya baba na nakala ya kitambulisho chake, barua ya chuo kama uthibitisho wa safari, na barua ya mwajiri. Mama alichukua asili na nakala za kila kitu. Kiapo alichoapa wakati wa kurekebisha cheti alikibeba pia, lakini nje ya bahasha, akitoe iwapo angeulizwa kwa nini cheti cha mtoto wa miaka sita kina tarehe mpya ya kutolewa. Aliulizwa, akakitoa, akaeleza, na jambo likaishia hapo.

Mtoto alikwenda mwenyewe, kama inavyopasa. Afisa alimsalimia, akamuuliza jina lake, anasoma wapi, anaishi na nani, mama yake ni yupi kati ya waliokuwepo chumbani. Mama alikuwa amemwandaa mtoto usiku uliotangulia kwa namna ninayoiunga mkono: alimweleza wanakokwenda na kwa nini, bila kumkaririsha majibu. Mtoto aliyekaririshwa huonekana, na afisa mzoefu akiona mtoto anamtazama mtu mzima kabla ya kujibu kila swali, ana haki ya kuanza kujiuliza.

Pasipoti ilitoka kabla ya muhula kuanza. Nilimkumbusha mama mambo mawili. Pasipoti ni mali ya Serikali, kwa hiyo isiachwe rehani kwa mwenye nyumba wala kwa mtu yeyote huko aendako. La pili ni kwamba pasipoti inamtambulisha mtoto na uraia wake. Haisemi kwamba baba ameridhia safari hii au ile ijayo. Kwa hiyo nakala ya barua ya baba, iliyothibitishwa na wakili, isafiri pamoja na pasipoti kila mara mtoto anapovuka mpaka na mzazi mmoja, na baba mkubwa atakapokuja kumpokea wakati wa likizo awe na barua yake ya wazazi wote wawili, kwa sababu yeye si mzazi na ataulizwa zaidi.

Jambo moja bado halijakamilika. Makubaliano yale ya Ustawi wa Jamii ni ya hiari, na makubaliano ya hiari hayana nguvu ya amri ya mahakama. Ikiwa mama atachelewa kurudi, au baba atabadili msimamo na kumzuia mtoto Kondoa wakati wa likizo, kila mmoja atakuwa na karatasi yenye saini lakini hana amri ya kutekelezwa. Nimewashauri wayapeleke mahakamani sasa, wakiwa wanaelewana, ili yawe sehemu ya amri ya malezi iliyotolewa kwa ridhaa yao wote. Mama amekubali. Baba amesema atakuja Dodoma baada ya mavuno, na kaka yake ameahidi kumfuata Kahama asipokuja.